Maswali ya Wasomaji: "Themometa Imekataa Kukaa 78"

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza kama muratina, ile pombe yetu ya kienyeji ya kuchachusha, inaweza kupikwa itoke spiriti, nikamjibu sentensi mbili tu, kwamba inawezekana lakini si kitu ya kujaribia kwa nyumba, nikadhani imeisha. Wapi! Maswali yamekuja hadi nimeamua ukurasa wote wa leo uwe wa hiyo maneno. Niseme mapema ndio tusisumbuane: hapa Kenya kupika spiriti bila leseni ni kosa, hata kama ni kachupa kamoja ka kunywa na marafiki, mbele kidogo nitaeleza. Najibu juu najua kuna wenye mnafuatilia leseni, kuna wenye mmeshanunua mitambo midogo mtandaoni na sai iko jikoni inawaangalia, na mtu asipoambiwa ukweli hataacha, ataenda tu kuuliza jirani.

Nilinunua kamtambo ka stenlesi mtandaoni, ka lita 12, kalikuja na kitabu kinasema nipashe moto hadi themometa isome 78 halafu niishikilie hapo. Yangu inapita tu, matone yanaanza ikiwa karibu 87 na bado inapanda. Nikipunguza moto hakuna kitu inatoka. Themometa ni mbovu ama ni mimi? – Fundi, South B

Themometa haina shida ndugu yangu, shida ni kitabu. Hiyo 78 ni joto la kuchemka la ethanoli tupu, bila maji, tena ukiwa usawa wa bahari kama Mombasa. Wewe kwa mtungi hauna ethanoli tupu, uko na maji mengi yenye kileo kidogo, tuseme asilimia 10, na mchanganyiko kama huo hata huko Mombasa unachemka kwa nyuzi 92 ama 93. Sasa leta Nairobi, tuko mita karibu 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yenyewe hapa yanachemka kwa 94 hivi na si 100, ethanoli tupu ingechemka kwa karibu 73, kwa hivyo hiyo 87 yako ndio yenyewe kabisa, ungeniambia inaanza 78 ndio ningeshtuka.

Halafu hii ya kushikilia joto ndio kosa karibu kila mtu anayeanza analifanya. Joto la kuchemka haliamuliwi na wewe, linaamuliwa na kile kimebaki ndani ya mtungi. Kileo kikiendelea kutoka, kinachobaki ni maji zaidi, themometa inapanda polepole, na ikifika 93 huku kwetu jua unachemsha maji tu unamaliza gesi. Ukiongeza moto hauongezi joto, unaongeza kasi ya matone, na ukizidisha povu linapanda hadi kwa paipu, unaona kitu ya rangi ya uji inaingia kwa chupa yako safi. Mtungi usijazwe kabisa, acha robo nzima wazi. Na kama ni kangara (ile iliyochachuka, kabla haijapikwa) ya nafaka ichuje kwanza, unga ukibaki chini utaungua, na harufu ya kuungua haitoki hata ukipika mara ya pili.

Mimi huwa namwaga kikombe cha kwanza ndio methanoli itoke, kila mtu anasema hivyo hata huko YouTube. Kikombe kimoja kinatosha ama nimwage viwili? – Mwaminifu, Kariobangi

Mwaga, lakini usifikirie ni methanoli umemwaga.

Wacha nieleze vizuri juu hii ndio imani inaua watu. Hesabu ya watu ni hivi: methanoli inachemka kwa 64.7, ethanoli kwa 78, kwa hivyo methanoli itatangulia yote, unaimwaga, unabaki na safi. Ingekuwa hivyo kama zingekuwa zimekaa kwa mtungi kila moja kivyake, lakini zimechanganyika na maji, na ndani ya maji mengi methanoli inashikwa inatoka kidogo kidogo kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho. Mtambo wa nyumbani wa mtungi na paipu hauwezi kuitenganisha. Hata ukimwaga vikombe vitano.

Sasa mbona wazee wetu walikuwa wanamwaga na hawakuwa vipofu? Kwanza kangara ya sukari haina methanoli ya maana, methanoli inatokana na pektini, ile kitu iko kwa maganda na nyama ya matunda, kwa hivyo ukichachusha matunda mazima unapata zaidi kidogo, na ukichachusha sukari ama nafaka unapata kidogo sana. Pili, ile ya kwanza kweli haifai kunywewa, iko na asetaldehaidi na ethili asiteti, ndio ile harufu kali ya dawa ya kutoa rangi ya kucha, inaumiza kichwa na kuchoma koo. Inamwagwa kwa sababu hiyo. Usipime kwa kikombe, pima kwa pua, kusanya kwa vichupa vidogo vidogo kwa mpangilio, viache wazi usiku mmoja mbali na moto, halafu unuse kimoja kimoja kesho yake. Za mwanzo zitakupiga puani, za katikati zitakuwa tamu na safi, za mwisho zinaanza kunuka kama katoni iliyonyeshewa, hizo zimebeba mafuta ya fuseli, yaani vileo vizito vyenye harufu mbaya. Wanaoanza wana tamaa, wanataka hadi tone la mwisho, kumbe nusu ya ubaya wa spiriti yao wameikusanya wenyewe.

Lakini turudi kwa vifo. Novemba 2000 hapa Nairobi, Mukuru, walikufa zaidi ya watu 100 kwa kumi kumi, ile pombe haramu ya bei rahisi, wengine wakabaki bila macho. Mei 2014 ikawa Embu, Kiambu na kwingine. Februari 2024 Kirinyaga, tena zaidi ya watu 10. Kwa mikasa kama hii haikuwa mama fulani alisahau kumwaga kikombe cha kwanza. Methanoli ya kiwandani, ile ya kutengenezea rangi na dawa za kusafishia, inaingizwa kwa pombe na mtu anayetaka ikuwe kali haraka kwa bei rahisi. Hakuna kipimo cha jikoni kitakuonyesha imeingia na hakuna upishi utaitoa. Kwa hivyo Mwaminifu, swali lako la kujiuliza si kikombe kimoja ama viwili, ni nani mwingine amegusa hiyo mtungi, na kama umenunua "spiriti ya kuongeza nguvu" kwa duka la kemikali, mwaga yote.

Kwetu muuzaji akitaka kuonyesha ni safi anamwaga kidogo kwa kijiko anawasha, ikiwaka bluu anasema kunywa. Ni kweli? – Baba Boi, Dandora

La. Methanoli pia inawaka bluu, tena hafifu hadi mchana hauioni. Moto unakuambia kitu moja tu, kwamba iko na kileo cha kutosha kuwaka. Hata hiyo ya kutikisa chupa na kuangalia mapovu inapima ukali, haipimi sumu. Hiyo ni show tu.

Naandika kwa haraka, mjomba wangu alikunywa mahali jana jioni, aliamka sawa lakini sai mchana anasema anaona kama kuna ukungu na tumbo linamuuma, nyanya anasema apewe maziwa alale. – Jina limehifadhiwa

Huyu tulimpigia siku hiyo hiyo, hatukungoja gazeti, lakini nachapisha juu familia nyingi zingefanya kama nyanya. Methanoli haikupigi papo hapo. Mtu analewa kawaida, analala, na baada ya saa 12 hadi 24 hivi ndio mwili umeshaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na hiyo ndio inashambulia mshipa wa macho. Kuona ukungu, ama weupe kama theluji ya televisheni ya zamani, kuumwa tumbo, kupumua kwa haraka, yeyote kati ya hizi baada ya pombe ya kienyeji ni hospitali sasa hivi, si kesho. Maziwa hayasaidii, na usimwache alale eti itaisha. Nenda hospitali kubwa yenye mashine ya kusafisha damu, hapa mjini Kenyatta iko nayo, ama piga 999 au 112, na mkifika mwambie daktari waziwazi alikunywa nini na saa ngapi, msione aibu na msiogope polisi, kuna dawa ya kuzuia mwili usiigeuze hiyo methanoli na kila saa inayopita ni macho yanaenda. Na wale alikunywa nao watafuteni pia, hata kama wanasema wako poa.

Naishi flati, gorofa ya tatu, chumba kimoja na jikoni iko hapo hapo. Nataka kujaribu na meko yangu ya gesi ya kilo 6 dirisha likiwa wazi. Kuna shida? – Jirani Mwema, Pipeline

Kuna shida kubwa sana na jina lako halisaidii.

Mvuke wa kileo ni mzito kuliko hewa, mara moja na nusu hivi, kwa hivyo haupandi kwenda dirishani venye unafikiria, unashuka, unatambaa sakafuni, na sakafuni ndio umeweka meko inawaka. Kapaipu kakivuja kidogo pale kiungoni, ama maji ya kupoza yakipata moto mvuke ukaanza kutoka bila kugeuka tone, chumba kimoja kinajaa haraka. Spiriti ya asilimia 40 inaanza kutoa mvuke wa kushika moto ikiwa na joto la nyuzi 26 tu, hiyo ni joto la kawaida la jikoni ikipika, na ile inatoka mwanzo wa kupika ni kali kuliko hiyo. Na kile chombo unakingia matone umekiweka wapi? Wengi wanakiweka kwa stuli karibu na moto ndio wakione vizuri.

Hata wenye leseni hawapiki kwa moto wazi mahali pa kulala. Ukiona mtu mwenye uzoefu anapika utaona chombo cha kukingia kiko mbali na chini, kimefunikwa mdomo kwa kitambaa ama kina mdomo mwembamba, hakuna mtu anavuta sigara, na hakuna anayeondoka kwenda kutazama mpira. Moto ukishika, zima gesi kama unafikia, funika kwa mfuniko au blanketi iliyolowa, usimwagie sufuria maji kwa nguvu utarusha moto kila mahali. Kileo kilichomwagika sakafuni kinaungana na maji, kwa hivyo hapo maji mengi yanasaidia, tofauti na mafuta. Lakini kwa flati ya Pipeline, gorofa ya tatu, ngazi moja na majirani 80? Usifanye. Kama unataka tu kujifunza venye mvuke unageuka tone, pika maji na majani ya mchaichai, utapata maji ya harufu nzuri na hakuna mtu atachomeka.

Na kitu kingine ambacho hukuuliza: mtambo haufungwi kabisa kabisa. Lazima kuwe na njia wazi ya mvuke kutoka saa zote. Paipu ikiziba na makapi na wewe umebana mfuniko na waya, hiyo ni bomu. Wale akina mama wanaoziba mdomo wa mtungi kwa unga wa ngano uliokandwa wana akili kuliko wengi, presha ikizidi unga unaachilia wenyewe kabla chuma hakijapasuka.

Kuna fundi anauza redieta ya gari anasema ndio kipoza bora cha kugeuza mvuke uwe matone, shaba tupu. Na paipu naweza tumia ile ya mpira ya maji? – Mkulima wa Simu, Rongai

Shaba ni nzuri kweli, inashika zile harufu za salfa kama yai bovu ndio maana viwanda vikubwa vya wiski bado vinaitumia. Lakini redieta ya zamani imeungwa kwa risasi (yale madini, si ya bunduki), na ndani imebeba ile dawa ya kupoza injini ambayo nayo ni sumu, huwezi kuiosha ikaisha. Risasi haina ladha, haina harufu, inajikusanya kwa mwili pole pole hadi mishipa na figo zinaharibika, huko Marekani wapishi wa vichochoroni waliumiza watu wengi kwa redieta hizi hizi. Kama unaunga shaba tumia waya usio na risasi, na ukiona kutu ya kijani osha kabla ya kupika.

Mpira na plastiki hapana. Mvuke moto wa kileo unayeyusha vitu kutoka kwa plastiki na unaenda kwa chupa yako. Mabati pia hapana, kangara ina asidi na inakula zinki. Drami ya rangi ama ya kemikali usiniulize hata. Sufuria ya aluminiamu watu watakuambia haina neno, mimi singetumia, stenlesi imejaa madukani kwa nini ujisumbue.

Kangara yangu imekataa. Nimeweka sukari kilo 10 kwa jerikeni ya lita 20, hamira pakiti kubwa, wiki ya pili sasa hakuna mapovu na bado ni tamu kama soda. Ilikuwa Julai. – Mama Wawili, Githurai

Mama pole, lakini umeweka sukari mingi sana. Kila asilimia moja ya kileo inataka gramu 17 hivi za sukari kwa lita, kwa hivyo lita 20 za asilimia 10 ni kilo tatu na nusu, basi. Hamira ya mkate yenyewe ikifika asilimia 12 au 14 inachoka, na kilo 10 kwa lita 20 ni tamu hadi hamira inanyonywa maji inakosa kuanza. Watu wanaongeza sukari wakifikiria wanaongeza ukali, kumbe wanalisha nzi.

Ya pili ni baridi. Julai ya Nairobi usiku inashuka hadi nyuzi 11, 12, na hamira inataka 25 kwenda juu. Jerikeni iliyokaa kwa simiti bila kufunikwa inalala usingizi. Ya tatu, sukari tupu haina chakula cha kutosha cha hamira, ndio maana wenye wamezoea wanatia kimera cha wimbi. Na usikaze kifuniko hata kidogo, gesi inatengenezwa mle ndani na jerikeni itafura ipasuke, lakini pia usiiache wazi wiki tatu, hewa na nzi wataigeuza siki. Hiyo yako ukiipunguza kwa maji mara tatu uigawe kwa vyombo vitatu na hamira mpya pengine itaamka. Pengine.

Nasikia chang'aa, ile spiriti ya kienyeji, ilihalalishwa. Sasa tunaogopa nini? – Wakili wa Mtaa, Kawangware

Umesikia nusu. Ile sheria ya 1980 iliyopiga chang'aa marufuku ilifutwa 2010 wakati wa Kibaki, na ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile watu wanaita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni. Tangu hapo kinywaji chenyewe si haramu, lakini kutengeneza bila leseni ndio kosa. Leseni ya kaunti, leseni ya ushuru na stempu za KRA (mamlaka ya ushuru), ubora wa KEBS (shirika la viwango), zote. Wengi mnadanganywa na video za New Zealand, huko tangu 1996 mtu anaruhusiwa kupika ya kunywa mwenyewe nyumbani, na ndio maana mwalimu wa video anaongea bila wasiwasi akiwa kwa gereji yake. Yeye hatakuja kukutoa kituoni.

Swali dogo tu. Spiriti ilitoka safi kama maji, nikaongeza maji ya mfereji ishuke ukali, ikageuka nyeupe kama maziwa. Imeharibika? Na mita yangu ya kupima kileo ilisoma asilimia 60 nikaongeza nusu lita kwa lita moja lakini wenzangu wanasema ni laini sana. – Mpimaji, Kasarani

Haijaharibika, umekusanya sana ile ya mwisho. Mafuta ya fuseli yanayeyuka kwa kileo kikali, ukishusha ukali yanajitenga na kinywaji kinakuwa na ukungu. Chumvi za maji magumu pia zinafanya hivyo, hasa kama plot yenu inatumia maji ya kisima. Tumia maji yaliyochujwa vizuri, na mara nyingine achana na mkia, hiyo ya mwisho, mapema.

Hesabu yako iko sawa, lita moja ya 60 na nusu lita ya maji inakupa karibu 40. Kosa liko kwa mita. Ulipima ikiwa bado vuguvugu, si ndio? Hizo mita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, spiriti ikiwa na joto la 30 inasoma juu kwa pointi nne hivi, kwa hivyo ulikuwa na 56 ukadhani ni 60. Iache ipoe kwanza. Na hakikisha ni mita ya spiriti, si ile ya bia, juu ile ya bia inapima sukari na kwa spiriti itazama tu hadi chini.